Jikoni na Mfukoni: Shangazi, mshahara wangu wote naula

Mwezi huu barua karibu zote ni za msosi na hela, na nyingi zimetoka hapahapa Mwanza, kwa hiyo nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua hamjaandika wengi lakini mnaishi hivyohivyo.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa miaka 26, nauza duka la vifaa vya umeme mjini, nimepanga chumba kimoja Buzuruga. Mshahara 400,000, kodi 50,000 kwa mwezi, nauli 1,200 kwa siku kwenda na kurudi. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na chapati mbili, 2,000. Mchana wali maharage na samaki kwa mama ntilie, 3,000. Usiku nikishuka daladala napitia chipsi mayai 3,500 na soda buku. Tarehe 20 haijafika sina kitu, mwezi uliopita nimekopa 50,000 kwa jamaa wa riba narudisha 65,000. Nilijaribu kupika, mtungi mdogo wa gesi ninao kaka alinipa, nikaenda soko nikanunua mchele, nyama kilo mbili, nyanya, viungo, mafuta, ndani ya wiki moja nilimaliza 60,000 na nyanya zimeoza na nyama nilimgawia jirani maana sina friji, na bado usiku nilikuwa nakula chipsi. Je ni kweli kupika ni nafuu kwa mtu anayeishi peke yake? Kijana wa Buzuruga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya yote nakuambia hujakosea kuuliza, maana watu wanasema tu pika nyumbani pika nyumbani utasevu bila kupiga hesabu, afu mtu anajaribu wiki moja inamshinda anajiona yeye ndo mzembe.

Tupige hesabu. Kwa siku unakula 9,500. Mara siku 30 ni 285,000. Toa kodi, toa nauli, unabaki na elfu thelathini na kitu za sabuni, vocha, mafuta ya kichwa na mchango wa harusi, lazima ukope. Sasa gawa hiyo 9,500 uone iko wapi. Mchana ni 3,000. Asubuhi na usiku ni 6,500, yaani kwa mwezi 195,000. Tatizo lako liko kwenye hiyo 195,000, mama ntilie hana kosa. Mimi mchana wako siugusi kabisa. Sahani ya 3,000 ina wali, maharage, kipande cha samaki, mboga za majani, na wewe uko kazini, ukisema ubebe chakula kutoka Buzuruga asubuhi kikae kwenye kontena mpaka saa saba na hili joto letu, siyo sawa, na ukijumlisha moto na muda wa kumpikia mtu mmoja hutamshinda yule mama anayepikia watu sitini sufuria moja. Endelea kula kwake. Ila soda acha.

Anza na usiku. Usiku ndo unapolia. Umeshinda umesimama dukani, umebanwa kwenye daladala, unashuka kituoni njaa imeshika, mafuta yanachemka pale kwenye kioo, harufu inakuamulia. Hapo hata ukumbuke mpango wako wote huwezi kwenda chumbani kuanza kuchambua mchele, na mimi sikulaumu, nilikuwa hivyohivyo wakati natoka Magu kuja kuanza kazi mjini, nimepanga Mabatini, nikifika getoni hata kuwasha jiko sitaki. Kilichonisaidia ni kwamba chakula kiwe kimeshaiva nusu kabla sijashuka kwenye gari. Nikijua nina maharage yamechemshwa ndani, bado dakika kumi na tano tu ya ugali, napita kwenye chipsi bila shida.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi unachagua maharage nusu kilo uliyoloweka tangu Jumamosi usiku, maji ya kulowekea unamwaga, unachemsha na maji mapya mpaka yaive kabisa, usiyale yakiwa magumu magumu hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo inakufa yakitokota vizuri, yasipotokota yanaumiza tumbo. Chumvi weka mwishoni. Usiyaunge yote. Chota ya usiku huo tu ndo unaunga na kitunguu na nyanya moja, mengine yabaki meupe kwenye sufuria, kwa sababu maharage yakishaungwa na nyanya yanachacha haraka. Na kwa vile huna friji, asubuhi ukiamka kitu cha kwanza yarudishe jikoni yatokote kabisa, funika, usifunue tena wala usichovye kijiko ulichotia mdomoni, jioni yatokotee tena ndo uchote. Hivyo yanafika usiku wa pili vizuri. Ukiona povu au ukasikia uchachu mwaga, usijishauri. Wali ndo usilaze kabisa mwanangu. Mimi niliwahi kulaza wali kwenye sufuria usiku kucha nikaupasha asubuhi ukawa wa moto vizuri tu, nikatapika siku nzima, baadaye nesi akanielewesha kwamba kuna vijidudu vya wali ambavyo kupika hakuviui, ukiuacha kwenye joto vinatengeneza sumu na hiyo sumu hata upashe haitoki. Pika wa kumaliza.

Sasa ule mzigo wa 60,000. Kosa lako lilikuwa ni kununua vinavyooza. Mtu asiye na friji ananunua vikavu kwa wingi na vibichi kwa fungu. Nyanya, mchicha, kitunguu, hivyo nunua vya jero kwa jero ukishuka gari, wamama wanapanga mpaka usiku. Vikavu ndo uweke ndani, na hapa sisi watu wa ziwani Mungu ametupendelea maana tuna dagaa.

Jumamosi moja amka mapema nenda Mwaloni Kirumba, pale mzigo unashuka kutoka visiwani na wafanyabiashara mpaka wa Kongo wanakuja kununua, ununue sado moja, lile kopo la kupimia. Usinunue bila kuangalia. Chukua kiganja uweke kwenye mwanga, dagaa mzuri anang'aa kama sindano mpya, mzima, kichwa chake kipo, mgongo haujawa wa njano. Wa njano mafuta yake yameshaharibika, atakuwashia koo. Msugue kidogo kiganjani, ukiona mchanga umebaki huyo alianikwa chini, tafuta wa kwenye kichanja, bei iko juu kidogo lakini hutatupa robo yake. Na kitu ambacho watu wa mjini wengi hawakiangalii ni mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Subiri giza lirudi, siku chache mzigo ukauke, ndo uende. Masika nako angalia sana, jua likikosekana dagaa hakauki vizuri anakuja na harufu.

Ukifika nao nyumbani waanike tena jua moja juu ya mfuko safi, afu kwenye ndoo yenye mfuniko. Siku ya kupika chota viganja viwili, toa vichwa ukipenda, mwagia maji ya uvuguvugu, wapekeche taratibu, mchanga utazama, waopoe kwa juu usimwage na maji, rudia mpaka chini ya bakuli pawe peupe. Kaanga kwanza bila mafuta. Hapa usiwe na haraka, geuza geuza moto mdogo mpaka ukiwagusa na mwiko wanalia kama majani makavu, shombo yote inaondokea hapo. Ndo uweke mafuta kijiko, kitunguu, nyanya, ndimu mwishoni. Ukiwa na karanga za kusaga ongeza na maji kidogo, hiyo mboga ukila na ugali wa udaga, ule wa muhogo, hutakumbuka chipsi. Na unamla mzima na miba yake, ndo chokaa ya mifupa hiyo.

Asubuhi tafuta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, au michembe, vile vilivyokatwa vikakaushwa vibichi, hasa msimu wake wa kiangazi, wasukuma tumelelewa navyo sijui kwa nini tukifika mjini tunaviona vya kijijini. Michembe chemsha na karanga, matobolwa tafuna na chai. Usiposhiba kunywa uji. Haifiki 600.

Turudi kwenye hesabu na nitakupa ya kweli siyo ya kukufurahisha. Maharage nusu kilo na viungo vyake, kwa bei za huku kwetu sasa hivi, ni kama 2,700 na unakula mara tatu ukichota kwa adabu, usiku mbili, na hiyo ya tatu uimalize asubuhi inayofuata. Unga kilo moja unatoa sahani nne kubwa, kila moja kama 400. Mboga ya majani nusu fungu. Usiku wako ni kama 1,600. Asubuhi 600. Gesi mtungi mdogo weka 24,000 kwa mwezi, ni 800 kwa siku. Jumla 3,000. Ulikuwa unatumia 6,500. Umeokoa 3,500 kwa siku, kwa mwezi 105,000. Atakayekwambia utasevu laki mbili anakudanganya, lakini laki na tano kila mwezi kwa mtu wa mshahara wako ni kitu kikubwa sana.

Ila hiyo 3,500 hutaiona kama huiondoi. Hela ya kuokoa haikai mfukoni, inageuka vocha, inageuka boda. Kila usiku ukishakula, kabla hujalala, itoe, weka kibubu au laini nyingine ya simu ambayo hutembei nayo. Mwezi wa kwanza wote lipa deni la riba, lote, hata kama ukibaki na elfu kumi. Mwezi wa pili tafuta kikundi cha hisa cha watu unaowajua mtaani. Na Ijumaa kula chipsi yako mwanangu. Nasema kweli, usiikate yote, mtu akijinyima kila kitu wiki ya tatu anavunja kibubu.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mimi mama wa watoto watatu, Igoma. Napika nyumbani kila siku lakini mkaa unanimaliza, siku ya maharage au makande naweza kutumia sado mbili za mkaa, 4,000 nzima, hadi baba watoto anasema bora tununue chakula. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mama, pole na majukumu. Baba watoto hajakosea kuona moshi wa hela lakini kununua chakula kwa watu watano itawatoa mbio. Tatizo ni moto, na moto unapoteza bila kujua. Loweka usiku, maharage na mahindi ya kukoboa yote, hiyo peke yake inapunguza muda wa kupika kwa sehemu kubwa. Sufuria ifunikwe, na ikishaanza kutokota punguza mlango wa jiko, maji yanayotokota kwa nguvu hayana moto zaidi ya yanayotokota taratibu, unachoma mkaa bure.

Halafu dunduliza upate presha kuka. Maharage ya saa mbili na nusu yanaiva ndani ya nusu saa na kidogo, na inatumika kwenye gesi au mkaa. Usiijaze zaidi ya nusu ukiwa na maharage, kagua ile tundu ya mvuke kila mara kabla hujaifunga, na usifungue kabla haijatulia, wanangu wote nawaambia hivyo.

Kama nyumba ina umeme wako mwenyewe, siyo wa kuchangia mita na wapangaji wanne mnaogombana kila Luku ikikata, fikiria ile ya umeme. Watu wanaogopa umeme lakini sufuria ya presha ya umeme ikishapata joto inajizima na kujiwasha, chungu cha maharage hakifiki uniti moja, na uniti moja kwa tarifu ya kawaida ni shilingi 350 na kidogo. Linganisha na 4,000 yako. Ila angalia kama uko kwenye ile tarifu ya bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha bei inabadilika, so fuatilia mita yako mwezi wa kwanza. Serikali yenyewe imeweka mkakati wa 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi, kwa hiyo vikundi vingi vya akina mama vinaongelea haya majiko siku hizi, uliza kwenye kikundi chako kama mnaweza kukopeshana kwa zamu. Mimi ningekuwa wewe mzunguko wangu wa kwanza wa mchezo wa kupeana hela ningechukua hiyo, vyombo vya kabatini vingesubiri.

SWALI: Shangazi shikamoo, sisi wanafunzi wanne tumepanga pamoja Malimbe, tulikubaliana kuchanga tupike lakini kila wiki ugomvi, mmoja hachangi, mwingine anakula za wenzie, sasa kila mtu anarudi kula nje na hela ya boom, yaani mkopo wa chuo, inaisha. Tusaidie.

JIBU: Marahaba. Acheni kuchanga kila siku. Siku boom linaingia kila mmoja anatoa hela ya vikavu vya mwezi, mnaenda wote wanne sokoni, unga, mchele, maharage, dagaa, mafuta, chumvi, mnaweka ndani. Hapo hata asiyekuwa na hela tarehe 25 anakula, na wala hadhaliliki. Vibichi vya siku ananunua aliye zamu kutoka kwenye mfuko, anaandika kwenye daftari lililotundikwa ukutani. Aliyepika haoshi vyombo. Yule asiyechanga mkae naye kwanza mmuulize kwa upole mmoja tu kati yenu, siyo wote wanne kwa pamoja, inawezekana nyumbani kwao mambo siyo mazuri na anaona aibu kusema. Kama hana, apike siku mbili za ziada. Kama anayo hataki, apikiwe na hela yake.

SWALI: Dada yangu salamu. Mimi ni mama lishe, nina banda Nyakato mwaka wa tisa huu, nimesomesha watoto wawili kwa hili banda. Nasoma kila mwezi mnawafundisha watu wapike nyumbani. Mimi sikatai, maisha magumu, lakini jioni kwangu siku hizi sufuria inabaki. Na sisi mtuambie tufanyeje.

JIBU: Dada, barua yako imenigusa na nashukuru umeiandika bila hasira. Mimi nimekulia kwenye chakula cha akina mama kama wewe, kuna miezi nilikopeshwa sahani na mama mmoja pale Mabatini bila hata kuandika kwenye daftari, akasema utalipa ukipata. Kwa hiyo siwezi kukutakia hasara.

Umeona juu hapo kijana wa Buzuruga nimemwambia mchana asiache. Mchana ni wako. Jioni ndo imebadilika, na jioni usipike sahani, uza vilivyoiva nusu. Kijana kama yule hashindwi kusonga ugali, anashindwa kuchemsha maharage masaa mawili baada ya kazi. Wewe jiko lako tayari linawaka. Chemsha maharage bila kuunga, uza kwa kikombe kuanzia saa kumi na moja. Dagaa waliooshwa na kukaangwa wakavu, hawachachi leo wala kesho, pima kwa kikombe kidogo. Karanga zilizosagwa. Siku ya nsansa, yale majani makavu ya kunde, chemsha nsansa, maana watu wanazipenda na hawajui tena kuziandaa. Nguvu yako ni sufuria moja kwa watu wengi, hapo moto wako kwa kila mtu ni mdogo kuliko wake, yeye anapata nafuu na wewe unapata faida na hakuna wali unaolala.

Usiwatilie maharage ya moto kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea imekatazwa tangu Juni 2019 na hata yale manailoni yanayobaki mtaani hayafai kwa chakula cha moto. Sema waje na bakuli au hotpoti zao, anayekuja na chombo chake muongezee upawa nusu, utaona kesho wamejaa na vyombo. Sufuria ifunikwe wakati wote, upawa uwe na sahani yake, wateja wa jioni wanaangalia sana maana wanapeleka kwa watoto.

Anza na kilo mbili tu za maharage wiki ya kwanza, ubandike kikaratasi mchana watu wakiwa wanakula waone. Halafu niandikie yaliisha saa ngapi.